Uzi: Kasoro za San Andreas tunazijua sote. Kwa nini basi bado tunaicheza?

Bandiko la 1: Mwana_Ngamiani

Salaam wadau.

Juzi nilipita kwenye banda la gemu la mtaani kwetu, Ngamiani, Tanga, nikamkuta kijana wa miaka kumi na sita hivi ameketi mbele ya televisheni ya chogo, anacheza mchezo wa video wa Grand Theft Auto: San Andreas kwenye PlayStation 2, na nyuma yake wapo wenzake watatu wanaosubiri zamu. Mashine ya upande wa pili ilikuwa ya wapenda mpira, na hilo nalielewa, kwa sababu wachezaji huhama timu na kila msimu una mambo yake. San Andreas haijabadilika hata chembe tangu ilipotoka mwaka 2005. Kijana yule alikuwa hajazaliwa.

Mimi nimeumaliza mchezo huo mara mbili, na nasema bila kumung'unya maneno kwamba una kasoro ambayo mchezo wa leo usingesamehewa. Misheni, yaani kazi unayotumwa ndani ya mchezo, ikishaanza, huwezi kuhifadhi chochote mpaka uimalize na urudi kwenye nyumba yako, penye ile alama ya disketi inayozunguka. Unaendesha gari kutoka ncha moja ya mji hadi nyingine, unafukuzana na watu, unapigana, kisha risasi moja ya dakika ya mwisho inakulaza. Unazindukia hospitali, silaha zote zimekwenda, na inakubidi uanze safari nzima upya tangu mlangoni kwa aliyekutuma. Sisi tuliokuwa tukilipia nusu saa, kasoro hiyo ilitugharimu hela ya maandazi ya wiki nzima.

Naomba tusaidiane kulijibu hili: kasoro hiyo, pamoja na nyingine mtakazozitaja, kwa nini tunazisamehe?

Bandiko la 2: Fundi_Makorora

Kwanza nirekebishe tarehe. Kwenye PlayStation 2 ilitoka Oktoba 2004. Mwaka 2005, mwezi wa Juni, ndipo ilipotoka ya kompyuta na ya Xbox. Huenda mleta uzi alianza na ya kompyuta.

Jibu langu ni la fundi, kwa sababu mashine hizo ndizo ninazozifungua kila siku. PlayStation 2 haihitaji intaneti, haihitaji kupakua chochote, na lenzi yake ikichoka inabadilishwa. Mwenye banda akishanunua diski moja, biashara inakwenda. Mchezo wa siku hizi unaweza kumdai gigabaiti mia moja kabla hajaona hata picha ya kwanza. Watu wanacheza walichonacho, na San Andreas ndiyo waliyonayo. Tusiitafutie sababu za mbali.

Bandiko la 3: Binti_Chumbageni

Kaka Fundi, jibu lako linaeleza kwa nini PlayStation 2 ipo bandani, lakini halielezi kwa nini diski ni hiyo. Kwenye rafu ileile kulikuwa na michezo mingine mingi ya bei ileile, nayo ikabaki na vumbi. Kwenye mashine hiyo pekee San Andreas iliuza zaidi ya nakala milioni 17, na hakuna mchezo mwingine wa PlayStation 2 ulioufikia. Wengi wa hao walionunua hawakuwa na shida ya intaneti wala ya lenzi.

Mimi nashikilia kwamba siri ni mwili wa CJ, yule kijana unayemchezea. Ukimlisha kuku na pizza bila mazoezi ananenepa, anapungua kasi, na watu wa mtaani wanamsema waziwazi. Ukimpeleka jimu anajenga misuli na ngumi yake inakuwa nzito. Ukimsahau kwa siku mbili za mchezo anaanza kukonda, na mafuta yakiisha mwili unakula misuli yenyewe. Hata silaha na magari hajui kuyatumia vizuri mpaka ayazoee. Wakati ule michezo mingi ilikupa shujaa aliyekwisha kukamilika, ilhali hapa unampokea mtu wa kawaida na unamlea. Mdogo wangu alikuwa akimlaza njaa CJ wangu kwa makusudi nikiwa shuleni, na nilikuwa nikilia kweli.

Bandiko la 4: Mwana_Ngamiani

Dada, hoja ya mwili naikubali nusu. Siku moja ya mchezo ni dakika 24 za saa yetu. Kwa mtu wa nusu saa, hiyo ni siku moja na robo. Nani alikuwa na muda wa kumpeleka CJ jimu wakati hela inahesabiwa? Wengi wetu hatukuwa hata na kadi ya memori ya kuhifadhia mchezo. Tulianza upya kila Jumamosi, CJ akiwa mwembamba vilevile. Mwili wake ulikuwa raha ya waliokuwa na mashine nyumbani.

Bandiko la 5: Gurudumu_Mbili

Mtu asiyekuwa na kadi ya memori aliishia wapi? Aliishia kwenye baiskeli, na hapo ndipo jibu lilipo.

Kumbukeni mwanzo. CJ anashuka uwanja wa ndege, polisi wanamkamata, wanamnyang'anya fedha, kisha wanamtupa kwenye mtaa wa maadui. Hana gari wala bunduki. Ipo baiskeli uchochoroni, naye anaipanda hadi nyumbani. Michezo mingi ya aina hii hukukabidhi gari la kifahari au bastola katika dakika ya kwanza. Huu ulikukabidhi pedeli, na ulitakiwa kubonyeza kitufe mfululizo ndipo uende kasi, mpaka kidole kinauma. Kadiri unavyoendesha ndivyo unavyopata uwezo wa kuruka juu zaidi na kutoanguka ovyo.

Mji wetu ni tambarare na umesifika kwa baiskeli tangu enzi za wazee wetu. Nilipokuwa mdogo, kutoka Duga hadi Raskazone nilikuwa nikienda kwa baiskeli ya baba, miguu ikipita chini ya mtalimbo kwa sababu kiti sikukifikia. Nilipomwona CJ akisimama juu ya pedeli ili aongeze mwendo, sikuhitaji mtu wa kunitafsiria Kiingereza. Nakiri pia udhaifu: baiskeli zile hazina mzigo, hazina abiria, na hadithi ikishasonga mbele hakuna misheni inayozijali tena.

Bandiko la 6: Baharia_Sahare

Bandiko la 5 limeniamsha. Wewe umesema pedeli, mimi nasema maji.

Kabla ya hapo tulicheza Vice City, mchezo uliotangulia katika mfululizo huu, uliotoka mwaka 2002. Mji mzima umezungukwa na bahari, na mtu akitumbukia, amekufa. Sisi watoto wa pwani tulilitazama jambo hilo kwa mshangao mkubwa. San Andreas ndiyo ya kwanza katika zile za mfululizo huu zenye picha za 3D kumruhusu mtu kuogelea na kupiga mbizi, na pumzi yake inaongezeka kadiri anavyozoea kukaa chini.

Tena hilo si pambo. Ipo misheni ya San Fierro, mji mmojawapo wa mchezo, ya kuogelea hadi melini bila kuonekana, na pumzi ikiwa fupi hupewi kazi hiyo kabisa. Nilikwama hapo. Nilimpeleka CJ ufukweni nikamzamisha na kumwibua kwa muda mrefu, na marafiki zangu waliokuja kuona mapigano wakaondoka mmoja mmoja. Mimi nilifurahi, maana hivyo ndivyo mtu anavyojifunza. Na chini ya maji ya jimbo zima wapo chaza hamsini wa kuokota. Udhaifu ni kwamba ukiacha chaza na mabaki machache, bahari yenyewe ni tupu.

Bandiko la 7: Mwalimu_Pongwe

Nimeyasoma yote kwa makini, nami naomba tusipite haraka kwenye udhaifu ulio mzito kuliko kukosa kuhifadhi.

Mchezo huu uliwekwa daraja la watu wazima, Ulaya miaka 18. Mwaka 2005 uliondolewa madukani kwa muda huko Marekani na kupandishwa daraja, baada ya kugundulika kwamba ndani yake kulikuwa na kipande cha matendo ya ngono kilichofichwa. Mabandani kwetu hakuna aliyesoma daraja hilo. Nimewatoa humo wanafunzi wa darasa la tatu kwa mkono wangu, na matusi waliyokuwa wakiyarudia ndiyo Kiingereza cha kwanza walichokijua.

Pili, tazameni wanawake wa mchezo ule. Kendl, dada yake CJ, ndiye mwenye akili iliyotulia kuliko kaka zake wote, na hapewi nafasi ya kutosha. Catalina, mhalifu anayeshirikiana na CJ, ni kelele na hasira tu. Marafiki wa kike wa CJ wamegeuzwa asilimia ya kujaza, na mtu akifikisha mia anapewa zawadi, kama vile kupanda mti kuchuma embe. Ninyi mliokulia humo mnaweza kusema kwamba hamkudhurika, lakini naona hata katika uzi huu mengi yametajwa na hilo halikutajwa.

Bandiko la 8: Binti_Chumbageni

Mwalimu, shikamoo. Nakiri kwamba ni kweli, na ilinipasa nilitaje mimi. Nilimpenda Kendl, na nilikuwa nikisubiri misheni ya kumchezea yeye ambayo haikuja.

Bandiko la 9: Msambaa_Lushoto

Marahaba ya Mwalimu iwafikie wote. Ninaongeza maelezo ambayo sijayaona bado, nayo ni msiba.

Mmoja wetu aliniambia zamani kwamba CJ alikuwa gerezani. Hapana. Alikuwa Liberty City kwa miaka mitano, alikokwenda baada ya kifo cha mdogo wake Brian, na mwaka 1992 kaka yake Sweet anampigia simu kwamba mama yao ameuawa. Anarudi kwa mazishi. Anaingia ndani, anakuta picha ya mama ukutani, kisha makaburini ndugu wanamlaumu kwa kuondoka. Mtu wa kwetu anahitaji maelezo gani zaidi? Nimewaona vijana waliokwenda mjini, wakarudi siku ya matanga na begi moja, wakakuta nyumba ni ileile na watu si walewale. Mchezo huu ulianza pale ambapo sisi tunaanzia kuhukumiana.

Na hapohapo ndipo ninapouona udhaifu wake mkubwa. Sehemu ya kwanza, ya mtaa wa Grove nyumbani kwa CJ, imefungwa vizuri: familia, maadui, rafiki anayegeuka. Kisha CJ anatupwa mashambani, anakutana na watu wasiohusika, anafika jangwani anatumwa na mtu wa serikali aiibe mitambo ya siri, anaruka kwa mtungi wa kupaa mgongoni, anaiba kasino. Kaka yake yuko gerezani muda wote huo. Mimi nilikuwa nikimuuliza CJ kwa sauti: ndugu yako je? Hadithi inarudi nyumbani mwishoni kabisa, na inarudi kwa haraka.

Bandiko la 10: Mwana_Ngamiani

Ndugu wa Lushoto, hilo la kurudi kwa haraka linahusu pia zile ghasia za mwishoni. Polisi Tenpenny, ambaye sauti yake ni ya mwigizaji Samuel L. Jackson, anaachiwa huru na mahakama na mji unawaka moto. Jambo hilo lilichukuliwa kutoka Los Angeles, Aprili 1992, polisi walioshtakiwa kwa kumpiga Rodney King walipoachiwa. Waliotengeneza mchezo walikuwa Edinburgh, Uskoti, na walijitahidi kuijua Marekani ile. Lakini baada ya kuuwasha mji, hawakusema neno kuuhusu. Moto umekuwa pazia la nyuma la mapigano ya mwisho.

Bandiko la 11: Kipanga_Usagara

Mmeongea mambo makubwa, na hakuna aliyeigusa treni. Uzi wa San Andreas usiokuwa na treni haujaanza.

Kwa asiyejua: Big Smoke, rafiki wa CJ, anakaa nyuma ya pikipiki, CJ anaendesha, juu ya behewa wapo wanaume wanne wa genge la Vagos, na Smoke anatakiwa kuwapiga risasi. Ukishindwa, anakulaumu kwamba ulichotakiwa kufanya ni kuifuata treni tu. Mimi nilishindwa mwezi mzima, na kila nilipoifuata kwa ukaribu zaidi ndivyo alivyozidi kukosa. Hapo ndipo bandiko la 1 linapokuwa kweli tupu: kila ukishindwa, unarudi nyumbani kwa Smoke, mnakwenda tena stesheni, na hapo ndipo mnapanda pikipiki.

Bandiko la 12: Fundi_Makorora

Ulishindwa kwa sababu uliifuata kwa ukaribu. Ukiwa ubavuni mwa behewa, wale wako juu na Smoke yuko chini, kwa hiyo risasi zake zinagonga bati. Sogea kulia, achana na treni kwa upana wa barabara, ili aone vichwa vyao. Halafu tuliza mwendo. Pikipiki ikiyumba na mkono wake unayumba.

Bandiko la 13: Baharia_Sahare

Mimi nilisogea kulia kama Fundi anavyosema, nikakutana na treni inayotoka upande wa pili. Naamini tatizo si pembe bali ni muda: wanaume wale hupigwa vizuri mwanzoni kabisa, kabla treni haijashika kasi, na ukipoteza sekunde kumi za kwanza umekwisha.

Bandiko la 14: Gurudumu_Mbili

Niliwapiga mwenyewe, CJ akiwa bado chini pale stesheni, kwa bunduki niliyokuja nayo. Smoke hakufyatua hata moja.

Bandiko la 15: Kipanga_Usagara

Nashukuru, lakini tazameni: watu watatu mna majibu matatu baada ya miaka zaidi ya ishirini. Nadhani hiyo nayo ni sababu ya kuicheza. Mchezo haukukuambia kosa lako ni nini, kwa hiyo ulilazimika kwenda kumuuliza mtu. Sisi tulitembea kwa miguu hadi Mabawa kwa sababu tulisikia yupo jamaa aliyeivuka treni. Angetuonyesha mshale mwekundu, tungebaki nyumbani.

Bandiko la 16: Jicho_la_Amboni

Bandiko la 15 limegusa kitu. Ujinga wetu ulikuwa sehemu ya mchezo. Bandani kwetu tuliamini kwamba kuna mtu-nyani kwenye mlima Chiliad wa mchezo huu. Nilikaa msituni humo jioni nzima, ukungu umetanda, sauti ya upepo tu, na niliogopa kama mtu aliyeachwa peke yake ndani ya mapango ya Amboni.

Mtu-nyani hayumo, na hakuwahi kuwekwa. Lakini magari yanayojiendesha msituni yapo, na nimeyaona kwa macho yangu. Yaliegeshwa kwenye mteremko bila breki, kwa hiyo ukisogea yanaanza kuteremka yenyewe. Sijaamua kama ni kosa la watengenezaji au walikusudia.

Bandiko la 17: Fundi_Makorora

Huo ukungu una maelezo, na unanilazimu nibadilishe msimamo wangu wa bandiko la 2.

PlayStation 2 ina memori kuu ya megabaiti 32 tu. Ramani ya San Andreas, ukiipima kwa mita za mchezo, ni kama kilomita 6 kwa 6, yenye miji mitatu, jangwa, misitu na mlima. Haiwezi kukaa yote ndani kwa pamoja, kwa hiyo mashine inasoma diski muda wote na kuchora kilicho karibu yako tu. Cha mbali kinafichwa kwa ukungu. Huo ulikuwa udhaifu wa mashine. Faida yake ni kwamba hukuwahi kuiona San Fierro ukiwa Los Santos, mji wa mwanzo, kwa hiyo uliamini kwamba iko mbali. Barabara zilipindapinda kwa makusudi, na madaraja yalifungwa mpaka hadithi ifike. Ukivuka mapema unapata nyota nne za polisi papo hapo, yaani unasakwa vikali.

Mwaka 2021 walipoutoa upya kwa mashine za kisasa, ukungu uliondolewa. Ukisimama Chiliad unaona miji yote kama vibanda vya jirani. Nyuso ziliharibika, mvua ilikuwa kama nyuzi nyeupe zinazoziba macho, na kampuni ilibidi iombe radhi. Baadaye, Novemba 2024, walirudisha mwanga wa zamani kama chaguo. Kwa hiyo nakubali sasa kwamba si suala la bei pekee.

Bandiko la 18: Msambaa_Lushoto

Fundi, hapo sikubaliani. Ukungu ulinichosha. Nikiwa kwenye ndege kule shule ya urubani, miti ilinizukia usoni. Na shule yenyewe ndiyo kasoro nisiyoisamehe mpaka leo: unalazimishwa kununua uwanja kwa dola 80,000 za mchezo, kisha kupita majaribio kumi ya kuruka, ndipo hadithi iendelee. Aliyeshindwa hapo hakuuona mwisho wa hadithi kamwe, na nawafahamu wengi. Kwenye simu, toleo la mwaka 2013 liliongeza sehemu za kuanzia katikati ya misheni, jambo ambalo mleta uzi analililia, lakini kuruka kwa kugusa kioo ni adhabu nyingine.

Bandiko la 19: Mpenda_Rege

Wakubwa shikamooni. Mimi nimechelewa na nina jambo fupi. Nilikuwa nikicheza kwenye kompyuta ya duka la intaneti, nakala iliyopunguzwa ili ienee kwenye CD moja, na haikuwa na redio. Nilimaliza hadithi nzima nikidhani kwamba ndani ya magari kuna ukimya. Miaka mingi baadaye, kwa rafiki yangu Chumbageni, nikaingia kwenye gari na redio ya K-JAH West ikaanza kupiga rege. Niliegesha kando ya barabara nikasikiliza. Kama kuna anayeuliza nguvu ya mchezo huu, mimi naihesabu kuanzia siku hiyo.

Bandiko la 20: Mwalimu_Pongwe

Marahaba. Nimefurahi kwamba hoja yangu ilipata angalau mtu mmoja wa kuijibu. Bado nasubiri wanaume.

Bandiko la 21: Kipanga_Usagara

Mwalimu, nakujibu. Mimi nina mabinti wawili, na diski ninayo, na sijaiweka wazi nyumbani. Nikijiuliza kwa nini, jibu ni hilo ulilolisema. Wakifikisha umri nitawapa, na tutaanza kwa kumzungumzia Kendl.

Bandiko la 22: Mwana_Ngamiani

Nawashukuru nyote. Sijapata jibu moja, nimepata saba, na mengine yanapingana.

Jana nilirudi bandani nikamuuliza yule kijana mwenyewe. Hakuwa akifanya misheni yoyote, na kadi ya memori hana. Aliniambia kwamba anataka kufika San Fierro kwa baiskeli kabla madaraja hayajafunguliwa, na kwamba amekwishajaribu mara kumi na moja. Alikuwa amepita kizuizi, nyota nne juu ya kioo, helikopta juu ya kichwa chake, na nusu saa yake imebakiza dakika sita. Wenzake watatu walikuwa wamesimama, na mmoja alikuwa akimwelekeza ashuke kupitia relini.